Mabega yanawaka moto kila nikikimbia: kosa ni la mbio au la cherehani?

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34 na uzito wa kilo 68. Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani ya kukanyaga hapa Kisenyi, Kampala, na nakaa kitini tangu saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku. Mwaka jana mwezi wa Agosti nilianza kukimbia kilomita 3, nikafika 5. Tangu Desemba nimeongeza kwa haraka, maana nataka kukimbia kilomita 21 katika mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwezi wa Aprili, na zimebaki wiki kumi tu. Jumanne na Alhamisi natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nakimbia kilomita 6. Jumamosi ni kilomita 12: nazunguka Lubiri, ikulu ya Kabaka, napanda kilima cha Rubaga, narudi. Inanichukua saa moja na dakika 24.

Miguu haina neno. Kinachonitesa ni mabega na shingo. Dakika 25 za kwanza niko salama, kisha panaanza kuwaka moto kuanzia kisogoni kushuka hadi begani, kulia zaidi kuliko kushoto. Nikipanda mlima panakaza mpaka kugeuza kichwa ni kazi. Mkono wa kulia ndio unaoshika simu na ufunguo, kwa kuwa alfajiri naogopa kuibiwa. Nakimbia upande wa kushoto wa barabara, na kila mara nageuka nyuma kuangalia bodaboda. Mara mbili kidole cha mwisho na cha pete vimekufa ganzi. Jumamosi mbili zilizopita nilipata pia kichomi ubavuni kulia, na ncha ya bega la kulia ikachoma kama sindano. Siku hizo nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili kabla ya kutoka. Maumivu ya shingo yanakaa mpaka Jumatatu, na nikiinamia cherehani yanaamka upya.

Jirani ananiambia niache mbio. Kwenye duka la dawa nimepewa diklofenaki, nameza kidonge kimoja kila Jumamosi kabla ya kukimbia. Nifanye nini?

Fundi wa Kisenyi

JIBU

Dada yangu, asante. Umeandika kama fundi anayepima kabla ya kukata: dakika, upande, siku, hata chapati umezihesabu. Kwa maelezo hayo naweza kukujibu bila kubahatisha sana. Usiache mbio. Diklofenaki ndiyo uiache, na nitakueleza sababu.

Kwanza tuondoe yale yasiyosubiri. Maumivu ya shingo, taya, bega au mkono yanayokuja ukipanda mlima na kwisha dakika chache baada ya kusimama, hasa yakifuatana na kubanwa kifua, kukosa pumzi kuliko kawaida yako, jasho baridi au kichefuchefu, yanaweza kuwa ya moyo. Kwa wanawake mara nyingine kifua hakiumi kabisa. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Ya kwako hayaendi hivyo: yanajijenga polepole, yanabaki siku mbili, na kuinama kunayaamsha, yaani ni mwenendo wa misuli. Lakini usikae nyumbani ukiona mkono umepungua nguvu hata mkasi unakuponyoka, ganzi isiyoondoka, miguu inayoyumba, mkojo usiozuilika, au shingo kukakamaa pamoja na homa na kuumwa kichwa. Vivyo hivyo maumivu yaliyoanza baada ya ajali ya bodaboda, na yale ya usiku yanayokuja pamoja na kukonda na kutokwa jasho kitandani, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo.

Sasa tuje kwenye bega lako. Msuli unaokuwakia moto ni ule mpana unaoanzia kisogoni, ukashuka shingoni na kutandaa mpaka kwenye ncha ya bega. Unaitwa trapezi. Chini yake kuna msuli mwembamba unaoinua bapa la bega kutoka juu. Hiyo miwili hubeba mikono yako mchana kutwa. Mkono mmoja wa mtu una karibu sehemu 5 katika 100 za uzito wake, kwa hiyo kwako ni kilo 3 na nusu hivi kila upande. Kichwa kina kilo 4 na nusu hadi 5. Ukikaa wima, mifupa inakubebea kichwa. Ukikiinamisha kuelekea kwenye sindano ya cherehani, mifupa inaacha kubeba na misuli ya nyuma ya shingo inakishika kama mtu aliyeshika ndoo kwa kamba. Wewe unafanya hivyo saa kumi na moja kwa siku.

Msuli haulalamiki kwa kufanya kazi. Unalalamika kwa kukosa kuachia. Msuli wa paja ukikimbia unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, na kila ukilegea damu inapita. Wa bega unakaza kidogo tu, lakini haulegei. Ndiyo maana dakika 25 za kwanza uko salama: una akiba ndogo iliyobaki kutoka jana. Ikiisha, moto unawaka. Kusugua mafuta ya kuchua mahali panapouma kunapendeza, wala sikukatazi, lakini anayekula akiba hiyo yuko kwingine. Kwako namwona katika mambo manne: kiganja, pumzi, macho na kiti cha kazini.

Nianze na kiganja, maana ndicho kilicho rahisi kurekebisha na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Simu ya gramu 200 na ufunguo si mzigo mtu akisimama. Lakini kwa hatua 160 kwa dakika, ndani ya dakika 84, kila mkono unakwenda mbele na kurudi nyuma mara 6,700 hivi. Tena hukishiki kitu hicho tu, unakibana kwa hofu ya kuibiwa. Jaribu sasa hivi ukiwa umekaa: kunja ngumi kwa nguvu, weka mkono mwingine juu ya bega hilo. Utahisi msuli wa mbele ya mkono unakaza, kisha wa juu ya kiwiko, kisha bega linajivuta juu kuelekea sikio. Ngumi na bega ni ndugu. Huwezi kukaza kimoja muda mrefu kingine kikabaki kimelala.

Wewe ni fundi, hivyo dawa ya hili unaishona mwenyewe. Chukua kitambaa kinachovutika, kama kile cha suruali za mazoezi, ukate utepe wa upana wa sentimita 12, ukunje mara mbili, ushone mkanda wa kiunoni wenye mfuko mmoja mgongoni na zipu. Urefu wake uwe pungufu ya kiuno chako kwa sentimita 4 au 5, la sivyo utarukaruka na utaanza kuushika kwa mkono, tukarudi palepale. Simu iingie humo, ufunguo uuzungushie kipande cha kitambaa usikwaruze kioo. Mkanda wa mkononi, ule wa kufunga simu juu ya kiwiko, siupendi kwa mtu mwenye shida yako: uzito unabaki upande mmoja. Chupa ya maji ya nusu lita mkononi pia hapana, hiyo ni nusu kilo. Kwa kilomita 6 za alfajiri kunywa nyumbani kabla ya kutoka. Jumamosi panga njia ikupitishe dukani, ubebe noti ya kununulia maji.

Mikono ikiwa mitupu, ifundishe. Najua dukani kwako kuna kioo kirefu cha wateja. Chora mstari kwa chaki ya fundi katikati ya fulana yako, kutoka shingoni hadi kitovuni, usimame mbele ya kioo na kupunga mikono kama unakimbia kwa dakika moja. Kiganja kikiuvuka mstari, kifua kinajipinda kila hatua na misuli ya shingo inalazimika kukizuia kichwa kisifuate. Kiwiko kikunje kama kona ya meza, au wazi kidogo kuliko hapo. Fikiria kusukuma kiwiko nyuma, si kurusha ngumi mbele. Mbele mkono utarudi wenyewe. Kiganja kipite karibu na mfupa wa nyonga na kisipande juu ya titi. Vidole vikunjwe kidogo, kidole gumba kilale juu ya cha shahada, kama umeshika karanga usiyotaka kulipasua ganda lake.

Hapo ndipo ganzi ya vidole inapoingia. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole cha mwisho na cha pete unapita nyuma ya kiwiko, penye ule mfupa ambao ukigonga unapata shoti. Kiwiko kikikunjwa sana kwa muda mrefu, mshipa huo unavutwa na kubanwa. Anayeshika simu karibu na kifua hukunja kiwiko namna hiyo bila kujua. Fungua kiwiko, ondoa simu, uone. Ganzi ikirudi baada ya wiki mbili za mikono mitupu, au ikija hata ukilala, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akupime shingo na kiwiko. Hospitali ya Mulago ina idara hiyo.

La pili, pumzi. Kilima cha Rubaga kinapokukaza shingo, sehemu ya sababu ni kwamba unapumua kwa mabega. Ukikosa hewa, misuli ya kando ya shingo inavuta mbavu za juu ili kifua kipanuke. Ni misuli ya akiba, ya dharura. Mkimbiaji anapumua mara 30 hadi 40 kwa dakika, na ukiifanyisha kazi kila pumzi itakuwaka kama inavyokuwaka. Lala chali usiku, mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani, upumue kwa dakika 5 huku mkono wa tumboni tu ukiinuka. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja, kisha ukiwa umekaa, kisha ukitembea. Barabarani vuta hewa kwa hatua 3, toa kwa hatua 3. Mlimani punguza iwe 2 kwa 2. Usiifanye sheria, ikikuchanganya achana nayo, la muhimu ni kutoa hewa yote kabla ya kuvuta nyingine.

Na mwendo. Dakika 7 kwa kilomita si haraka kwa kila mtu, lakini kama njiani huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika, kwako ni haraka. Punguza mpaka uweze kuongea. Kwenye kilima tembea. Sisemi hivyo kukubembeleza: dakika 2 za kutembea huku mikono inaning'inia zinaipa trapezi ile nafasi ya kulegea ambayo haikuipata tangu asubuhi ya jana.

Sindano ya kwenye ncha ya bega ni jambo jingine, usilichanganye na hili. Ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, kiwambo, unapata mishipa yake ya fahamu kutoka shingoni, sehemu ileile inayopeleka hisia kwenye ngozi ya ncha ya bega. Kiwambo na utando wa tumbo vikisumbuliwa, ubongo unasoma taarifa hiyo kana kwamba imetoka begani. Kwa hiyo kichomi cha ubavu na sindano ya bega vikija pamoja, havina uhusiano na cherehani. Tumbo lililojaa ni mchokozi anayejulikana, na juisi zenye sukari nyingi zaidi. Chai ya maziwa na chapati mbili ziache saa 2 hadi 3 kabla ya mbio; kwa kuwa unatoka alfajiri, kula ndizi moja mbivu na nusu glasi ya maji, chapati ikusubiri ukirudi. Kikikupata njiani, punguza mwendo, inama kidogo mbele, bonyeza mahali panapochoma kwa vidole, toa pumzi ndefu kwa midomo iliyobanwa. Huondoka ndani ya dakika chache.

La tatu, macho. Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kwa hiyo wewe unakimbia gizani, kichwa chini, ukitafuta mashimo. Umetoka kuinamia kitambaa, unakwenda kuinamia lami. Kama unaweza kusogeza mbio mbele kwa nusu saa, sogeza. Kama huwezi, tafuta barabara yenye taa hata ikikulazimu kuirudia mara tatu, na uvae tochi ndogo kiunoni badala ya kichwani. Shusha macho, kidevu kibaki. Tazama mita 10 hadi 15 mbele, si kwenye vidole vya miguu.

Na hamia upande wa kulia wa barabara. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo ukikimbia kushoto yanakujia mgongoni, nawe kila bodaboda ikinguruma unazungusha shingo kulia. Hesabu Jumamosi moja umegeuka mara ngapi, utaelewa kwa nini ni kulia zaidi kuliko kushoto. Ukikimbia kulia unaziona zinakuja. Zipo bodaboda zitakazopita upande usio wao, najua, basi masikio yabaki wazi na muziki ubaki nyumbani. Lami inateremka pembeni, nyonga moja inashuka kidogo, kwa hiyo mahali pasipo na magari rudi katikati.

Hukutaja sidiria, nami lazima niiulize. Matiti yanapaswa kubebwa na ukanda wa chini unaozunguka mbavu, si na kamba za mabegani. Jipime hivi: vaa, shusha kamba zote mbili, rukaruka kidogo. Ukanda ukihama au kifua kikianguka, basi siku zote trapezi ndiyo inayobeba. Ukanda uwe na nafasi ya vidole viwili tu, na mgongoni usipande juu ya usawa wa mbele. Za mitumba za soko la Owino huwa nzuri kwa mshono lakini lastiki mara nyingi imekufa: vuta ukanda, ukiachia usiporudi mara moja, badilisha lastiki. Kamba nyembamba zinazokata nyama zibadilishe ziwe za sentimita 3 hadi 4, na katikati uweke sponji nyembamba. Ni kazi ya nusu saa kwako, na kuna wakimbiaji wengi mjini watakaokulipa uwafanyie.

Sasa kiti. Hapa ndipo ningetaka utumie nguvu zaidi kuliko mahali pengine popote, maana mbio zako ni saa 3 tu kwa wiki, cherehani ni zaidi ya 60. Kaa uangalie viwiko vyako: vikiwa chini ya usawa wa meza, mabega yanainuka kutafuta kitambaa. Inua kiti kwa mto mgumu au ubao mpaka viwiko vilingane na meza au viwe juu yake kidogo, na nyonga ziwe juu ya magoti, pedali uifikie bila kunyoosha mguu. Kisha weka vipande vya mbao vya sentimita 2 au 3 chini ya miguu ya nyuma ya stendi, ile iliyo mbali nawe, ili meza ikuinamie. Sindano inakusogelea, shingo inapungua kuinama. Chonga shimo dogo kwenye kila mbao, mguu wa stendi uketi ndani, la sivyo mtikisiko wa kukanyaga utaisukuma. Ukiona mkanda wa gurudumu unaanza kuruka, mwinuko umezidi. Mwanga uwe mbele yako kushoto, karibu na sindano. Watu huinama kwa sababu hawaoni. Na kila bobini ya uzi ikiisha, simama. Ni kengele nzuri kuliko saa. Inua mabega hadi masikioni, hesabu 3, achia kwa pumzi ndefu. Mara tano, ukae.

Maji ya nyumbani nayo: jerikeni ya lita 20 kwa mkono mmoja ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye trapezi ya upande mmoja. Chukua mbili za lita 10.

Mazoezi nitakupa machache, kwa sababu wengi hupewa kumi wakafanya mawili kwa siku tatu. Kuvuta shingo huku na huku kunatuliza kwa dakika chache. Kinachobadilisha hali ni kuongeza nguvu, ili akiba ile iwe kubwa. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu kuukuu, kata urefu wa mita 2, osha. Ifunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kitovu, shika ncha mbili, rudi nyuma mpaka ikaze. Vuta viwiko nyuma vikigusa mbavu, bana mabapa ya mabega hesabu 2, rudisha polepole hesabu 3. Mara 12, pumzika dakika moja, rudia mpaka mizunguko mitatu. Mabega yakipanda juu, tyubu imekaza mno, sogea mbele. La pili, kanyaga tyubu katikati, inua mikono kando na mbele kidogo hadi usawa wa mabega, si juu zaidi, mara 10, mizunguko miwili. La tatu, shika jerikeni mbili za lita 5 zilizojaa, tembea mita 30 ukiwa mrefu kama umevutwa kwa uzi utosini, mara nne. Yote hayachukui dakika 20. Fanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa wiki ya kwanza ya mazoezi haya. Ukiona Jumamosi unaanza ukiwa umechoka, Ijumaa iondoe. Kuuma kidogo kwa msuli siku ya kwanza na ya pili ni kawaida.

Usiku, kama bado panakaza, taulo lililokamuliwa maji ya moto kwa dakika 15, kisha simama kwenye fremu ya mlango, mikono ya mbele ikiegemea pande zote mbili, songa kifua mbele mpaka kivutike, sekunde 30 mara mbili. Mto wa kulalia uwe mmoja. Usimruhusu mtu yeyote akuzungushe kichwa kwa ghafla mpaka shingo ilie, hata kama ni huduma ya bure baada ya kunyolewa au kusukwa. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapita humo, na imewahi kuchanika kwa watu kwa njia hiyo.

Diklofenaki kabla ya mbio: inapunguza damu inayokwenda kwenye figo, wakati huohuo jasho linakukausha. Inachubua tumbo, hasa likiwa tupu kama lilivyo alfajiri. Na inakufungia mlango wa taarifa unayoihitaji, yaani dakika gani bega limeanza. Mwenye shinikizo la damu au vidonda vya tumbo ana sababu zaidi ya kuikwepa. Maumivu yasipovumilika usiku, parasetamoli inatosha kwa siku moja mbili.

Kuhusu kilomita. Uliruka kutoka 5 hadi 12 kwa haraka mno, na mabega yalichelewa kuliko miguu. Wiki ya 1 na ya 2 Jumamosi iwe 8, kimbia dakika 8, tembea 1. Wiki ya 3 iwe 9, ya 4 iwe 10 na nusu, ya 5 iwe 12. Ya 6 rudi 9 upumzike. Ya 7 ni 13 na nusu, ya 8 ni 15, ya 9 ni 10, ya 10 ni siku yenyewe. Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakibaki 3 au chini na kesho asubuhi yameondoka, endelea kama ilivyopangwa. Yakifika 4 au 5, tembea hadi yashuke na wiki inayofuata usiongeze. Zaidi ya hapo rudi nyumbani. Mwisho wa wiki ya 8 uamue: kama 15 ulizimaliza chini ya 3, kimbia 21 ukitembea milima yote. Kama hapana, mwaka huu kimbia kilomita 10, na nitakuambia waziwazi kwamba ndivyo ningependelea kwa mtu aliyeanza Agosti.

Usibadilishe yote siku moja, hutajua kilichokuponya. Wiki hii ni simu na kiti. Wiki ijayo upande wa barabara, sidiria na tyubu. Baada ya hapo pumzi na mkono mbele ya kioo. Andika kila Jumamosi dakika ambayo moto umeanza: kama ilikuwa 25 na sasa ni 40, unakwenda vizuri hata kama bado pananuna kidogo.

Usitumie muda kutafuta mtindo mzuri wa kukimbia. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikimbia kichwa kikiyumba na uso umekunjamana kama anayekabwa, akachukua dhahabu tatu Helsinki mwaka 1952. Lakini tafuta video ya Joshua Cheptegei wa Kapchorwa akiweka rekodi ya mita 10,000 pale Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11, uache kutazama miguu. Tazama viganja na viwiko vyake katika mizunguko ya mwisho, ukiwa na chaki yako karibu na kioo.

Siku ya mbio, watu ni wengi mno mwanzoni pale Lubiri, na msongamano humfanya mtu akunje viwiko na kujibana. Simama nyuma, kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko unavyotaka. Kila kituo cha maji tembea, kunywa, tikisa mikono hatua 10 ikiwa inaning'inia, kisha uendelee. Na ukiingia barabara ile iliyonyooka ya Kabakanjagala, kabla ya kuongeza mwendo, angalia kwanza kama viganja vyako viko wazi.